Ashburton ndani ya sentimita 180

Leo usiku nimelifuta tena banda la injini. Ni mara ya nne kulifuta kwenye mchoro, na safari hii sidhani kama litarudi.

Stesheni ninayotaka kuijenga kwa udogo, kwa treni za mfano, ni Ashburton, iliyokuwa mwisho wa tawi dogo la reli lililotoka Totnes, huko Devon, Uingereza. Tawi zima halikufika maili 10, na katikati yake zilikuwepo stesheni mbili tu, Staverton na Buckfastleigh. Lilifunguliwa Mei 1872 likiwa na reli pana za mhandisi Brunel, zile zilizoachana kwa futi 7 na robo inchi. Mwaka 1892 likabadilishwa kuwa geji ya kawaida, yaani upana wa kawaida kati ya reli. Treni ya mwisho ya abiria iliondoka Novemba 1958. Mabehewa ya mizigo yakaendelea kuja kwa miaka michache, kisha nayo yakakoma.

Kilichonivuta ni paa. Stesheni yenyewe ni ya jukwaa moja, ya mji mdogo, lakini waliijengea paa kubwa la mbao linalofunika jukwaa pamoja na reli. Kwenye picha za zamani unaona treni ya behewa moja ikiingia chini ya lile giza taratibu, pua kwanza, kama ng'ombe anayejua njia ya zizini. Nimeitazama picha ya namna hiyo kwa miezi, na kila nikiitazama nataka kuwa na mahali ambapo jambo hilo linaweza kutokea tena.

Mahali nilipo napo ni ubao wa sentimita 180 kwa 40. Kwa skeli ya 1:76, ambapo futi moja ya kweli inakuwa milimita 4, ubao huo ni sawa na mita 137 hivi za ardhi. Nilipoiweka ramani ya zamani juu yake, ubao uliisha kabla hata sijalifikia banda la injini. Nikafanya kosa ambalo nadhani kila anayeanza hulifanya: nikaanza kufinya. Jukwaa fupi kidogo, banda la mizigo jembamba kidogo, paa dogo kidogo. Vitu vyote vikaenea kwenye karatasi, na stesheni ikatoweka. Ilikuwa kama picha ya mtu unayemfahamu iliyobanwa pande zote: macho yapo, pua ipo, lakini si yeye.

Nikaanza upya kwa kanuni nyingine. Majengo yanabaki na ukubwa wake, kinachopungua ni nafasi iliyo kati yao. Jicho linasamehe umbali. Haliusamehe mlango ambao mtu hawezi kupita, wala paa ambalo bomba la injini lingeligonga. Kwa hiyo sehemu ya jukwaa iliyo wazi nimeikata karibu nusu, lakini jengo la abiria sikuligusa. Na kitu kisichoenea kwa ukubwa wake halisi, bora kisiwepo. Ndiyo maana banda la injini limetoka. Lilikuwa mbali na jukwaa, upande treni zinakoingilia, na nikiliacha nje ya ubao naweza kuamini kwamba lipo palepale, nyuma kidogo ya pazia.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ile reli ya pembeni ambayo injini huitumia kuizunguka treni yake ili ivute kutoka upande wa pili. Hapo hesabu haina huruma. Behewa dogo la mizigo la magurudumu manne ni sentimita 8 hivi. Nikitaka manne pamoja na behewa la gadi, yaani msimamizi wa treni, nahitaji kama sentimita 43. Ongeza pointi mbili (mahali reli inapogawanyika) za ukubwa wa wastani, kila moja sentimita 22. Kisha mbele kabisa, kabla ya kizuizi cha mwisho wa reli, lazima ibaki nafasi ya injini kusimama baada ya kuachana na mabehewa. Injini ninayoitaka, ile ndogo ya tangi (inayobeba maji yake yenyewe) ya kundi la 1400 la kampuni ya reli ya Great Western, ni sentimita 12 pungufu kidogo, nimeipa 15. Jumla ni sentimita 102. Niliandika namba hiyo nikaipigia mstari mara mbili, maana inamaanisha kwamba nabaki na sentimita 78 za kuingilia na za kulipa banda la mizigo nafasi yake.

Nimetoa vivuli, yaani michoro ya ukubwa uleule, vya zile pointi kwenye karatasi, nikavikata kwa mkasi na kuvipanga sakafuni. Nashauri hivyo kwa moyo wote kwa yeyote anayepanga kitu kama hiki. Kwenye skrini mstari hujipinda popote unapotaka. Sakafuni karatasi inakataa. Niligundua kwamba pointi ya pili ilikuwa inaangukia pale penye kona ya jukwaa, na behewa refu lingeikwaruza kona hiyo kila likipita. Nimeisogeza nyuma sentimita 6. Kwa hiyo nimepoteza behewa moja. Treni yangu ya mizigo itakuwa na matatu na gadi, na kwa tawi kama lile si uongo hata kidogo.

Abiria wamenipa unafuu nisioutarajia. Treni zao zilikuwa za kusukumwa na kuvutwa: injini upande mmoja, na mwisho wa behewa upande wa pili kuna chumba cha dereva. Injini ikisukuma, dereva hukaa mbele kwenye behewa, akiongoza mvuke kwa fito zinazopita chini ya sakafu hadi kwenye injini, huku mpiga makaa amebaki peke yake motoni. Wanaongea kwa kengele. Treni ikifika mwisho, dereva anahama upande, safari inageuka, na hakuna injini ya kuzungushwa. Kumbe ile reli ya pembeni iliyonikosesha usingizi ni ya mizigo tu, na nyakati nyingi inaweza kukaa tupu na nyasi zikiota kati ya mataruma. Nitaziotesha.

Jambo moja bado linanikaa moyoni. Tawi lile halikufa lote. Kuanzia 1969 treni za mvuke zilirudi kuchukua abiria kati ya Totnes na Buckfastleigh, na mpaka leo watu hupanda. Kipande cha mwisho, cha kwenda Ashburton, hakikupona. Barabara ya A38 ilipopanuliwa ilipita juu ya sehemu ya tuta la reli, na jengo la stesheni likabaki bila kitu cha kusubiri. Ningeweza kuchagua Staverton, ambayo bado ina reli na treni zake, nikaenda na utepe na kupima kila tofali. Lakini Staverton hainihitaji.

Jioni nimekata paa la kadibodi kwa vipimo nilivyo navyo, nikalisimamisha juu ya vivuli vya reli. Nikapiga magoti mpaka jicho likawa usawa wa jukwaa, nikasukuma behewa la kadibodi kwa kidole kimoja. Liliingia kivulini dirisha moja baada ya jingine, likasimama, na mkia ukabaki nje kwa upana wa vidole viwili. Nikatamani uingie wote. Nikaenda kuitazama tena ile picha: na pale mkia uko nje, una mwanga wa jua juu yake.

Nimechukua penseli nikaweka alama kwenye ubao. Paa linaanzia hapa.