Yule wa Tatu Kutoka Kushoto

Iringa, mwisho wa Juni

Mwezi kama huu ndipo alipofariki Shaaban Robert, mshairi na mwandishi wetu, mwaka 1962, nusu mwaka tu baada ya Tanganyika kupata Uhuru. Juni ikiingia, sisi tunaompenda hukumbushana, na kila tukikumbushana lazima mtu atume picha, na picha yenyewe ni ileile. Imo vitabuni, imo kwenye kuta za madarasa. Vijana wa kompyuta wameipaka rangi, wengine wameikata mabega, wengine wameigeuza kushoto ikawa kulia. Mtu kaishi miaka hamsini na tatu, kaachiwa dakika moja.

Mimi dakika hiyo moja hainitoshi. Namtaka kijana aliyeingia ukarani wa forodha mwaka 1926, umri wake miaka kumi na saba. Namtaka wa mwaka 1951, hadithi yake ya Kusadikika imetoka, naye bado ni mtumishi wa ofisi ya wilaya Tanga, anashika mafaili ya serikali ya kikoloni, ilhali kitabuni ameshaijenga nchi inayowafunga wajumbe wake kwa kosa la kusema waliyoyaona. Mkono mmoja uliandika vyote viwili. Natamani kuuona mkono huo, shati lake, meza yake, aliokuwa akisimama nao mchana jua likiwaka. Wanafunzi wangu wanamjua kama swali la mtihani. Wangemwona amesimama na wenzake mbele ya ofisi, kijana kati ya vijana, naamini wangemsoma vingine.

Sauti yake ya nyumbani tunayo. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, kuanzia 1931 hadi 1958, zilitunzwa na hatimaye zikachapishwa. Nazisoma mara kwa mara na kila nikizisoma nawashukuru waliozihifadhi, maana karatasi ni chakula cha mchwa. Kama barua zilisalimika, kwa nini picha zisisalimike?

Watu hutuuliza: Shaaban ni mtu wa Tanga, kazaliwa upande wa Machui, pwani kabisa. Nyinyi wa nyanda za juu mnatafuta nini? Jibu langu ni kwamba watumishi wa serikali walihamishwa. Karani wa Kihehe alipelekwa Tanga, wa Kinyakyusa akapelekwa Mpwapwa, wa Kibena akapelekwa Lindi, na siku ya kustaafu kila mmoja alibeba sanduku lake akarudi kwao. Na picha ya kikazi, ile ya kupanga mistari miwili, waliokaa mbele na waliosimama nyuma, ilisafishwa nakala kadhaa, waliopigwa wakaondoka na zao. Kwa hiyo picha iliyopigwa Tanga inaweza kuwa imelala Ilembula au Tukuyu, chini ya vyeti vya ubatizo na risiti za kodi ya kichwa. Tanga wanatafuta Tanga. Huku lazima tutafute sisi.

Tunaotafuta tuko wachache. Kuna mwalimu mwenzangu wa Mafinga, muuguzi mmoja wa Tukuyu, na dereva wa basi la Mbeya ambaye ana beti nyingi za tenzi kichwani kuliko sisi walimu. Tunaulizia misibani, tunaulizia harusini, wazee wanatufungulia masanduku. Nimejifunza kutoa fremu ukutani na kuangalia nyuma ya kadibodi, kwa sababu watu wa zamani hawakutupa picha, waliweka mpya juu ya ile ya mwanzo. Nimejifunza pia kuanza na upande wa nyuma. Huko ndiko kuna mhuri wa studio, jina lililoandikwa kwa penseli, mwaka ukibahatika. Sura peke yake hudanganya sana. Makarani wa miaka hiyo walinyoa namna moja na walishona kwa mafundi walewale.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa chuo hapa mjini alinitumia picha kwa simu. Watumishi sita wamesimama kwenye ngazi za jengo la serikali, na yule wa tatu kutoka kushoto, wallahi, ni yeye. Paji la uso ni lake, mdomo ni wake, na ule utulivu wa mtu anayesikiliza kabla ya kusema. Nyuma, alisema kijana, pameandikwa “Mpwapwa”. Hapo moyo ulinipasuka, kwa sababu miaka ya 1944 hadi 1946 Shaaban Robert alikuwa amehamishwa kutoka pwani, na safari ya Mpwapwa ameisimulia mwenyewe katika wasifu wake. Nikawapelekea wenzangu. Dereva alipiga simu akiwa stendi ya Makambako, anapiga kelele kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Kuna aliyetaka tuisambaze usiku uleule na jina la Shaaban juu yake, watu wafurahi. Nilikataa. Nikasema kwanza nishike karatasi yenyewe.

Nyumbani kwa kina yule kijana ni mbele ya Kalenga. Ukienda huko unapita kwenye jumba la makumbusho lenye fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lile ambalo Gavana Twining alilirudisha kutoka Ujerumani mwaka 1954, miaka hamsini na sita baada ya kifo cha Mkwawa. Fuvu lenyewe lilichaguliwa miongoni mwa mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya jamaa zake waliokuwa hai. Picha zinazotembea mitandaoni kwa jina la Mkwawa nimeziona nyingi, yenye ushahidi sijaiona hata moja. Kwa hiyo sisi wa Iringa kiu ya sura tunaijua kuliko wengi, na tunajua pia jinsi kiu hiyo inavyoweza kumfanya mtu akubali uso wowote anaopewa.

Bibi yake kijana nilimkuta anapepeta maharage uani. Nilimwamkia, shikamoo bibi, kamwene, akanikaribisha, akaingia ndani akatoka na kopo la biskuti lililokwisha rangi. Picha ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa cha mto. Ni ndogo kuliko kiganja, kona moja imeliwa na mende. Nikaona mara moja kwamba kijana alipoipiga na simu aliikata upande wa kulia ili watu wakae katikati. Kwenye karatasi yenyewe, ule ukingo wa kulia umebeba pua ya gari: wavu wa mbele, na taa ya duara ikichungulia nyuma ya wavu.

Nani wa nyanda hizi asiyeijua Landrova? Hata hivyo sikutaka kujiamini peke yangu. Nikaipiga picha ile pua, nikampelekea fundi mmoja wa gereji mjini aliyezeeka chini ya magari hayo. Akanijibu kabla hata maharage hayajamalizika kupepetwa: Landrova, tena toleo la mwanzo kabisa, la taa za ndani ya wavu. Sasa Landrova ya kwanza ilioneshwa kwa watu Aprili 1948, kwenye maonesho ya magari ya Amsterdam. Wakati huo Shaaban alikuwa Tanga, ofisi ya wilaya, tangu 1946.

Bibi alikuwa ananitazama. Akauliza, “Mwalimu, mbona umenyong’onyea? Huyo mnayemnyooshea kidole mnamwita nani?” Nikamwambia. Akacheka kidogo, akaichukua picha, akaifuta kwa kanga. “Huyo ni baba mkwe wangu. Alikuwa bwana mifugo. Alifanya kazi Mpwapwa kwenye dawa za ng’ombe, akastaafu, akarudi hapa akalima. Picha yake nyingine hatuna.”

Picha yake nyingine hatuna! Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile. Mpwapwa ni kituo cha mifugo tangu enzi za Wajerumani, kwa hiyo kila kitu kilikaa mahali pake. Lakini kilichonitia baridi si kumkosa Shaaban. Tungeisambaza usiku ule, kufikia asubuhi uso wa mzee yule ungekuwa kwenye simu za watu Mombasa na Unguja kwa jina la mtu mwingine. Mwaka kesho ungeingia kwenye bango la shule fulani. Mjukuu wake angekuja kutoa maelezo kwamba huyu ni babu, na angeambiwa anatafuta umaarufu. Familia ina picha moja ya mtu wao, na sisi wapenzi wa fasihi tungeichukua kwa mapenzi tu, bila ubaya wowote moyoni.

Tulikaa na bibi mpaka jua linashuka. Alinitajia majina ya wawili wengine kwenye ngazi, waliokuwa wakija kumsalimia mkwe wake, na nikayaandika yote pamoja na la mkwe wake kwenye karatasi tukaiweka ndani ya kopo. Nyuma ya picha sikuandika. Peni ya wino hupenya mpaka mbele, na ule mwandiko wa penseli ni wa marehemu, uachwe na nafasi yake. Kijana ameipiga upya, safari hii nzima, kingo zote nne na upande wa nyuma. Dereva wetu alipoambiwa alinyamaza kidogo, kisha akaomba atumiwe jina la mzee ili alitaje anapowahadithia abiria. Nampenda sana dereva yule.

Basi ombi langu kwako unayesoma. Ukiwa na babu aliyekuwa karani, tarishi, mpimaji au mwalimu, omba ufunguliwe sanduku wakati wenye kumbukumbu bado wapo. Usiipeleke picha kupakwa plastiki ya moto, usiikate ukingo, usiipake rangi kabla hujaihifadhi ilivyo. Muulize mwenye nyumba majina ya wote, si la yule mnayemtafuta peke yake. Ukiona mtu anayefanana na Shaaban, nitafute, lakini niletee na nyuma ya picha.

Jumamosi, Mungu akipenda, mimi na mwalimu wa Mafinga tunakwenda kwa mzee mmoja upande wa Njombe, miaka tisini na kitu, ambaye ujana wake alishika mnyororo wa upimaji ardhi huko Tanga. Shaaban Robert alifanya kazi katika ofisi ya upimaji kuanzia 1952 hadi 1960. Mwanawe ameniambia kuna picha mbili, na kwamba mzee akiamka vizuri anawataja watu wote mmoja mmoja. Nimemwomba asimwambie tunamtafuta nani.