U Nani Wewe, Mwanangu?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la juma hili ni Mwanzo 27:18-27, kisha 32:22-31. Someni kwanza, mimi nitangoja.

Alhamisi usiku mama mmoja wa kusanyiko letu huku Marekani alinipigia simu. Alikuwa anafua. Kwenye mfuko wa jinzi ya mwanawe, aliyerudi kutoka chuo kwa mapumziko, alikuta leseni ya udereva. Picha ya mwanawe, jina la mwanawe. Lakini leseni yenyewe ni ya Ohio, ambako kijana hajawahi kulala hata usiku mmoja, na mwaka wa kuzaliwa ni 2002. "Mwalimu," akaniambia, "huyu nilimzaa 2006, Nyarugusu kambini, mvua inanyesha. Nilikuwepo!"

Nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Yeye hakucheka.

Kwa ndugu mnaosoma mkiwa nyumbani: huku pombe haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 21. Sheria ya 1984 ilitishia kuyanyima majimbo sehemu ya fedha za barabara yasipokubali, na kufikia 1988 yote yalikuwa yamekubali. Sasa mtoto anaingia chuo na miaka 18, wenzake wa mwaka wa nne wanakwenda baa, yeye anaachwa mlangoni. Anaagiza kadi mtandaoni. Katika nusu ya kwanza ya 2020 maofisa wa forodha wa uwanja wa ndege wa O'Hare, Chicago, walinasa karibu leseni bandia 20,000, nyingi zikitoka China na Hong Kong, na wengi wa walioziagiza walikuwa vijana wa umri wa chuo. Ili kupata kadi, kijana humtumia mtu asiyemjua picha yake halisi, sahihi yake, na anwani ya kupokelea bahasha. Mtu huyo anabaki navyo vyote.

Mlangoni mwa baa, mlinzi huikunja kadi kidogo, huipitisha kidole gumba juu, huimulika tochi. Nikisoma Mwanzo 27 namwona mzee Isaka akiifanya kazi hiyo hiyo. Macho yamekwisha. Anapapasa mikono iliyofungwa ngozi za wana-mbuzi, ananusa mavazi ya Esau. Alikaribia kabisa kumnasa: "Sauti ni sauti ya Yakobo, lakini mikono ni mikono ya Esau." Kadi ilikuwa nzuri mno. Yakobo akapita.

Tumezoea kumsema Yakobo. Mimi juma hili nimekwama kwa Rebeka. Ni nani aliyetoa yale mavazi mazuri ya Esau na kumvika mdogo mtu? Ni nani aliyemfunga zile ngozi mikononi na shingoni? Kijana mwenyewe aliogopa, akasema baba atanipapasa, nitapata laana badala ya baraka. Mama akamjibu, laana hiyo na inipate mimi.

Sisi tuliokulia Tanzania nyumba hiyo tunaijua. Kaka yangu hakuchaguliwa kwenda sekondari, akarudia darasa la saba shule ya mbali kwa jina la mvulana aliyekuwa ameacha masomo. Aliyempeleka ni baba, kwa baiskeli, na baba alikuwa mzee wa kanisa. Nyumbani hatukuita kughushi. Tuliita kusaidiwa. Kaka akafaulu, akaajiriwa, akazeeka na majina mawili. Alipofariki, tangazo la msiba lilisomwa redioni kwa jina la kazini, na shangazi zetu wakaendelea kupalilia mahindi, hawajui kwamba aliyetajwa ni mtoto wao. Mwaka 2017, ilipotangazwa kwamba watumishi wa umma 9,932 wamebainika kuwa na vyeti vya kughushi, watu wengi walishangaa ukubwa wa hesabu. Kwetu tulikuwa tunahesabu ukoo.

(Sisemi habari ya ile tarehe ya kuzaliwa, 1 Januari, ambayo wakimbizi wengi waliandikiwa kambini na karani asiyekuwa na cheti cha kutazama. Ile ni karatasi ya shida, msijitese nayo.)

Rebeka alimwambia mwanawe akae kwa mjomba siku chache tu. Zikawa miaka 20, na Maandiko hayatuonyeshi popote kwamba mama na mwana walionana tena. Huko Yakobo aliingiziwa Lea gizani akidhani ni Raheli. Uzeeni wanawe wakamletea kanzu ya Yusufu iliyochovywa katika damu ya mbuzi. Mbuzi tena.

Kwa watoto wetu gharama hutofautiana jimbo kwa jimbo. Florida, kukutwa tu na leseni bandia kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 5. Mara nyingi haifiki huko. Inakuwa faini, saa za kujitolea, mzazi anashusha pumzi. Ila mtoto wa mhamiaji ana mlango mwingine mbele yake. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa, na hata kesi iliyofutwa inapaswa kutajwa. Ofisa hatazami bia. Anatazama kama mtu huyu husema kweli anapoulizwa habari zake. Ambaye limeshampata, tafadhali, aonane na wakili wa uhamiaji kabla hajajaza chochote, na asifiche.

Kule kivuko cha Yaboki, usiku, Yakobo akiwa peke yake, aliulizwa: "Jina lako n'nani?" Baba yake alishamwuliza swali la namna hiyo akiwa kijana, naye akajibu, mimi ni Esau. Safari hii akasema, Yakobo. Baraka ya usiku ule hakumwibia mtu, na alfajiri alivuka akichechemea.

Jumamosi nilikwenda nyumbani kwa yule mama. Kijana mpole, akaniamkia vizuri, akaileta kadi mwenyewe bila kuitwa mara mbili. Akanieleza jinsi walinzi wanavyotega: wanakuuliza nambari ya posta ya mtaa wako, wanakuuliza nyota yako ya kuzaliwa, ukisita tu umekwisha. Kwa hiyo alikaa na kadi akaikariri yote. Akanitajia mtaa, nambari, nyota, mfululizo, kama mtoto wa shule ya Jumapili anayesema mstari wa kumbukumbu.

Nikamwuliza, "Sasa wewe, mwanangu, umezaliwa lini?"

"Elfu mbili na mbi—"

Jikoni, mwiko ukasimama kwenye sufuria.