Hapo nimemsikia mwalimu

Tangu Jumanne maneno yale hayaniachi. Binti amepata kipaimara, mkataba wangu wa kufundisha umeongezwa mwaka mmoja, lakini kila nyumba ikitulia nayasikia tena: "Samahani mwalimu. Hapo nimemsikia mwalimu. Kinjeketile sijamsikia."

Mnajua tunachoandaa, "Kinjeketile", tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 kuhusu kiongozi wa Vita vya Maji Maji, na tulikuwa mwishoni, pale Kinjeketile yuko mikononi mwa Wajerumani na anatakiwa akiri kwamba maji yake ya kuzuia risasi yalikuwa uongo. Anakataa. Kijana anayemwigiza alikuwa anakataa kwa kupayuka, mishipa ya shingo imemtoka. Nikapanda jukwaani nikamwonyesha. Ukumbi mzima kimya, halafu yeye, kwa adabu zote, akayasema hayo.

Iliniuma. Ndani ya daladala ya kurudi Pasua, hapa Moshi, niliyasikia kama tusi, nikiosha vyombo nikayasikia kama swali. Ile "samahani" ndiyo inayonitesa zaidi. Angesema kwa jeuri ningeshasahau.

Alikuwa na haki, na sababu yake ni ya ufundi. Mwongozaji akimtamkia mwigizaji sentensi, anachokishika mwigizaji ni wimbo wake tu: wapi sauti ilipanda, wapi ilishuka. Mazoezi mawili bado unapendeza, la tatu umekauka, na chini yake hamna nia yoyote. Mpe kitendo cha kumfanyia mwenzake. Usimwambie "kasirika". Mwambie "mfungie mlango", au "mwondolee tumaini". Hasira ikija, ije. Isipokuja, tukio litasimama vilevile.

Isitoshe, hasira nilikuwa naitibu bure. Ugonjwa ulikuwa pumzi. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ukanushi kinauweka mwanzoni. Chukua neno letu la zoezi, "sikubali". Mwigizaji akilianza mapafu yakiwa matupu, "si" inazama, na aliyekaa benchi la nyuma anasikia "kubali". Shujaa amesalimu amri kwa silabi moja! Masika haya ndiyo balaa, maana mvua ikishaanza kupiga bati, "s" ndiyo ya kwanza kupotea. Haina mtetemo wa koo, ni hewa tupu. Na kupayuka hakuisaidii, kunakuza "ba" ambayo tayari ilikuwa inasikika. Msiuamini pia ukumbi mtupu wenye sakafu ya saruji. Humo kila kitu kinavuma, kisha siku ya onyesho watu wanajaa na nguo zao zinaimeza sauti.

Alhamisi sikupanda jukwaani. Nilimweka mwenzao mmoja, msichana, mlango wa nyuma, atupe mgongo, anyooshe mkono kila asipoisikia "si". Kijana nikamwambia avute pumzi wakati anayemhoji bado yuko kwenye maneno yake mawili matatu ya mwisho, mbavu za chini zipanuke, mabega yatulie, na ile "i" aishike kidogo kabla ya kuliachia neno. Kisha nikampa kitendo: mfungie mlango.

Mkono ukanyooka. Tukarudia, ukanyooka tena. Mara ya tano haukunyooka, na alikuwa amesema chini, chini kuliko mimi Jumanne, akimtazama yule mwenzake usoni kama mtu anayesukuma komeo taratibu. Mlangoni kule yule msichana aligeuka mwenyewe kutazama, hakuna aliyemwita.

Nilimsikia Kinjeketile. Nilitaka kumwambia palepale, nikaona nisimvurugie, atembee nalo mpaka stendi. Nimefurahi hadi usingizi haujaja, na ni saa saba sasa.

Mparachichi wa mama umeegemea bati la jirani tangu mvua ya Jumatano, mizizi ya upande wa mfereji iko nje, na fundi wa msumeno anasema hana nafasi mpaka wiki ijayo. Jioni mlima haukuonekana kabisa. Upepo umeanza.