Kanisa limebadilika, lakini si kila kitu

Tumsifu Yesu Kristo. Nimerudi Dodoma baada ya miaka mingi Ujerumani, na neno ninalolisikia kila nyumba ninayoingia ni hili: Kanisa limebadilika. Shangazi analisema kwa huzuni. Binamu yangu analisema kwa matumaini: kama yale ya zamani yaliondolewa, na haya yaliyobaki yataondolewa, tusubiri tu.

Naona wote wawili wanachanganya utaratibu, ambao Kanisa linaweza kuubadilisha, na mafundisho, ambayo hayabadiliki.

Chukueni mfungo wa kabla ya komunyo. Wazazi wa shangazi walifunga tangu usiku wa manane, hata tone la maji hawakugusa, kisha wakatembea kwa miguu hadi misheni ya Bihawana, jua la Ugogo likiwaka. Mwaka 1953 Papa Pius XII aliruhusu maji. Mwaka 1957 mfungo ukawa saa tatu, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akaufanya saa moja. Saa zimepungua, ila anayepokelewa ni Yule Yule. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulifundisha mwaka 1551 kwamba mkate na divai hugeuka kuwa Mwili na Damu ya Kristo, na tangu hapo hakuna Papa aliyelegeza fundisho hilo.

Binamu naye atazame wasichana wanaotumikia altareni, ambao shangazi bado hajawazoea. Roma iliruhusu jambo hilo mwaka 1994, kila askofu aamue jimboni mwake. Mei ya mwaka huo huo, Papa Yohane Paulo II alitamka kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadre. Kutumikia ni utaratibu. Daraja Takatifu, yaani upadre, ni sakramenti, na hapo tuko kwenye mafundisho. (Useja wa mapadre wetu nao ni utaratibu: Wakatoliki wa Mashariki wanao mapadre wenye wake.)

Kinachoniuma ni kwamba wazee wengi walitangaziwa mabadiliko bila kuelezwa sababu. Kwenye jumuiya ndogo ndogo za Kikristo tunajadili michango hadi giza linaingia, katekesi, yaani mafundisho ya imani, inabaki dakika za mwisho.

Shangazi alipojua kwamba sheria inadai angalau saa moja, aliuliza kama anaruhusiwa kuendelea kufunga tangu usiku wa manane. Nimemjibu anaruhusiwa, ila dawa zake za presha azinywe asubuhi kama kawaida. Maji na dawa havivunji mfungo, na wazee na wagonjwa hawabanwi hata na hiyo saa moja.