Nilipoanza kupanga wanafunzi kwa kufuata mwezi

Nina duka la vipuri vya injini za boti pale Kibirizi, Kigoma, na nyuma yake kuna karakana. Marehemu mume wangu aliniachia duka hilo, injini mbovu tatu na fundi mmoja mzee ambaye akisikia boti inaingia mwaloni anakuambia silinda ipi inasumbua kabla hata haijatia nanga. Miaka imekwenda, mzee akaanza kulalamika mgongo, na mimi nikaanza kukosa usingizi. Akipumzika huyu, nani atashika spana?

Vijana nilijaribu. Wa mwaloni walikuwa wanajifunza kufungua plagi na kusafisha kabureta, mwezi wa pili wameshajiita mafundi na kuondoka na spana namba 10. Wenye vyeti vya ufundi magari nao walikuja. Mmoja alizunguka Yamaha 40 mara mbili akitafuta rejeta. Mzee alicheka hadi akakaa chini, ila kosa halikuwa la kijana. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba rejeta ya injini ile ni ziwa lenyewe: maji yanavutwa chini na pampu, yanapoza, yanarudi ziwani.

Nikaenda chuo cha ufundi kulalamika. Mwalimu wa magari akaniacha nimalize, kisha akaniuliza taratibu: "Mama, wewe umewahi kutupokelea wanafunzi wa mazoezi?" Nikanyamaza. Sikuwahi.

Basi nikapokea wanne, wiki nane kama ratiba yao ilivyosema. Yalikuwa maafa. Walifika siku za giza, na anayejua Ziwa Tanganyika anajua maana yake. Dagaa na migebuka wanavuliwa usiku kwa taa. Usiku ukiwa mweusi, kila kipe, yaani chombo cha kuvulia dagaa, kiko majini, na mwenye boti hataki kusikia habari ya matengenezo labda injini ife kabisa. Wanafunzi wangu wakakaa wakicheza drafti kwa vizibo vya soda. Kisha mbalamwezi ikaja. Mwezi ukishajaa, taa hazivuti samaki, vyombo vinapandishwa ufukweni wiki nzima na zaidi, na kila mtu anataka injini yake itengenezwe kabla giza halijarudi. Ndani ya siku mbili nilikuwa na injini 14 sakafuni na watoto wanne ambao hakuna aliyewaandaa. Mmoja akachanganya mafuta kwa kukisia. Injini ile inataka oili lita moja kwa petroli lita 50, yaani mililita 400 kwenye dumu la lita 20. Yeye alimimina kama anayetia mafuta ya kula kwenye sufuria, tena kidogo. Injini ya mteja ikanoki kabla haijapita gati. Pistoni, ringi na gasketi nikalipa mimi.

Nilitaka kuachana na chuo. Aliyenizuia ni mzee, kwa neno la kejeli tu: "Umewaita mavuno hayajaiva, unawalaumu kwa nini hawakuvuna?"

Nikarudi chuoni na kalenda ya ukutani, nimezungushia siku za mbalamwezi kwa kalamu nyekundu. Nikawaambia wanipe wanafunzi siku hizo tu, kila mwezi, kwa mwaka mzima. Siku za giza wabaki darasani. Mkuu wa chuo alisita. Mahudhurio yatahesabiwaje? Mtihani je? Mtoto akikatwa kidole? Maswali ya haki kabisa, na yalitugharimu vikao vitatu. Tuliishia na karatasi ya ukurasa mmoja: chuo kinatoa ovaroli, buti na bima, mimi natoa nauli, chakula cha mchana na vifaa, na hakuna mwanafunzi anayepanda boti ya majaribio bila jaketi la kuokolea. Nikaongeza sharti ambalo hawakulitegemea, kwamba mwalimu naye aje. Akaja, akavaa ovaroli, akafundishwa kubadili impela ya pampu ya maji na mzee ambaye hajamaliza darasa la saba. Kwa maoni yangu hicho ndicho kilichofanya kazi kuliko yote. Mwanafunzi anapita, mwalimu anabaki na kurudia somo lile kila mwaka.

Likabaki la saini. Daftari la mazoezi linatakiwa kusainiwa na fundi anayetambulika, na mzee hakuwa na cheti chochote. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa cheti kwa ujuzi walionao. Mzee alikataa katakata: "Nipimwe na mtoto niliyemzidi miaka thelathini?" Nilimbembeleza kwa miezi miwili. Alipokubali, alikwenda amevaa kanzu ya Ijumaa, akaivua pale pale akabaki na fulana, akafungua geaboksi mbele ya wapimaji huku anawaeleza kila pini kazi yake. Cheti chake hakutundika. Amekifunga kwenye nailoni na kukiweka ndani ya sanduku la spana.

Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulipositishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, wengi hapa mwaloni waliona njaa inakuja, na kweli ilikuja. Mimi nikaona injini zote za Kibirizi ziko nchi kavu kwa miezi mitatu. Tatizo wenyewe hawakuwa na hela. Tukakubaliana hivi: leta injini, ufundi ni wa wanafunzi chini ya jicho la mzee, wewe utalipa vipuri tu, tena ziwa likifunguliwa. Wawili hadi leo hawajalipa, nawajua na wao wananijua. Lakini wanafunzi wa mwaka ule walifungua na kufunga injini nyingi kuliko waliotangulia wote wakijumlishwa.

Mimi nina wafanyakazi wasiofika 10, kwa hiyo tozo ya kuendeleza ufundi stadi hainigusi. Wenzangu wakubwa wanaoilipa kila mwezi nawashangaa wanavyolalamika kukosa mafundi ilhali hawajawahi hata kugonga mlango wa chuo.

Na si kwamba wote walibaki kwangu. Kijana wangu bora, yule yule aliyenokisha injini, alipohitimu nilimwajiri. Mwaka ulipoisha akafungua karakana yake hatua mia mbili kutoka kwangu. Nilinuna. Mwezi mzima salamu yake naijibu kwa kichwa. Kisha ikaja mbalamwezi moja, injini zimejaa hadi mlangoni, mzee mgongo umemkamata, nikamtumia nne. Alizirudisha zote zikiwa zima.

Juzi mwalimu alinipigia. Kijana ameomba naye apewe wanafunzi wawili, chuo kinataka kujua kama karakana yake inafaa. Nikamwambia inafaa, wampe. Ila kwanza anunue spana yake ya kupimia ukazaji, maana yangu ameiazima tangu Ramadhani.