Siku moja maishani mwangu: kuufuata mwanga ndani ya mwembe

Kazi yangu ni kuunda miti ndani ya kompyuta. Ninapima mwembe tawi kwa tawi, kisha ninaujenga upya kwa namba ili nijue mwanga unafika wapi na unaishia wapi, na tawi fulani likikatwa, ni majani yapi yatakayofaidika. Siku ninayoisimulia ni ya mwishoni mwa Septemba, majira ambayo hapa Mwanza, nyuzi 2.5 hivi kusini mwa Ikweta, jua la mchana hupita karibu kabisa juu ya utosi.

Saa 12 asubuhi nilipanda daladala Igoma, na jua lilipochomoza mnamo saa 12 na nusu nilikuwa nimeshafika Kisesa, ambako mwenye shamba alikuwa akinisubiri chini ya mwembe wake mkubwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuhesabu au umekuja kukata?"

Aliuliza hivyo kwa sababu wiki iliyotangulia nilimwambia kwamba huenda mti ule ukahitaji kupogolewa katikati. Hoja yake ni kwamba mti wenye majani mengi hukamata jua jingi, na anayeyapunguza majani anapunguza maembe. Ni hoja yenye uzito, na sikutaka kuijibu kwa maneno matupu.

Kuanzia saa 1 hadi saa 5 tulipima. Mjukuu wake alishika utepe, nami nikashika dira pamoja na kipimapembe nilichokifunga uzi wenye nati ya chuma, uzi ambao huning'inia wima na kunionyesha tawi limeinama kwa nyuzi ngapi. Kwa kila tawi tuliandika urefu, unene, mwinamo na upande linakoelekea. Kazi hii ni ya polepole, lakini ndiyo inayofichua jambo ambalo hesabu nyepesi hulikosa. Nilishika ncha ya kitawi kimoja nikahesabu majani 14 yaliyobanana mahali pamoja, mapya yakiwa bado na rangi ya shaba na laini kama kitambaa, huku sehemu ya kitawi iliyokuwa chini yake ikiwa tupu kabisa. Mwembe ndivyo ulivyo: majani hukaa kwa mafungu kwenye ncha, na kati ya fungu na fungu huwa na uwazi.

Kanuni ambayo Monsi na Saeki wa Japani waliitumia kwa mimea mwaka 1953 inasema kwamba mwanga hupungua kwa kiwango maalumu kila unapopita kwenye tabaka la majani. Eneo la majani likiwa mara 3 ya eneo la ardhi iliyo chini yake, na kiwango cha uzuiaji, yaani namba inayoonyesha jinsi majani yanavyozuia mwanga, kikiwa 0.5, mwanga unaofika chini ni asilimia 22 tu. Hata hivyo, kanuni hiyo huchukulia kwamba majani yametawanyika ovyo hewani. Yakiwa kwenye mafungu, kama haya ya mwembe, jani huishia kumkinga jirani yake huku miale mingine ikipenya kwenye uwazi bila kugusa chochote, na hivyo hesabu huonyesha mwanga mwingi uliokamatwa kuliko ule wa kweli. Kwa hiyo sitosheki na kanuni peke yake. Naona ni lazima umbo lenyewe lijengwe.

Saa 6 mchana nilisimika fimbo nikasubiri kivuli chake kiwe kifupi kuliko vyote, jambo lililotokea kama saa 6:39. Saa zetu hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Mwanza iko karibu na nyuzi 33, tofauti ya dakika 48 hivi, ambayo tarehe za Septemba hupunguza kidogo. Mwaka jana niliisahau tofauti hiyo, na siku nzima ya hesabu ikawa na vivuli vilivyohama takribani nyuzi 10.

Tulikula ugali na sato, nikarudi mjini.

Saa 9 alasiri nilifungua kompyuta. Kukuza matawi ninatumia mfumo wa sarufi alioubuni Aristid Lindenmayer, mwanabiolojia wa Hungaria, mwaka 1968, ambamo kanuni moja ndogo hurudiwa hadi shina linazaa tawi na tawi linazaa kitawi. Juu yake niliweka anga lililogawanywa sehemu 46, kila sehemu ikitoa miale, kisha nikauendesha mwembe wa mzee mara mbili: jinsi ulivyo, na ukiwa umefunguliwa katikati mithili ya bakuli.

Matokeo yalitoka saa 1 usiku. Mzee yuko sahihi kwamba mti uliofunguliwa unakamata mwanga pungufu kwa jumla. Lakini kilichopungua kimetoka zaidi kwenye majani ya juu, ambayo jua kali la mchana huyapa mwanga kuliko yanavyoweza kuutumia, ilhali vitawi vya ndani, ambavyo leo havina hata tunda moja, vimeanza kupata mwanga asubuhi na alasiri.

Nilimpigia simu. Sikumwambia akate. Nilimwomba afunge kitambaa cheupe kwenye matawi mawili niliyomtajia, atazame kivuli cha matawi hayo saa 3 asubuhi na saa 10 alasiri hadi Jumamosi, kisha aniambie anachokiona.

"Nitatazama," alisema, "lakini panga usije nalo."