Nilivyojifunza kumsoma Ana Kalandadze kwa herufi zake

Nilianza na mshororo mmoja tu, tena wa kufasiriwa. Mshairi anaitazama mbingu ya kwao Georgia, ile ya Kaukazi, na kuiambia kuwa ina kina. Mimi ni mtu wa Tanga. Kina cha bahari nakijua, na vina vya shairi nimefundishwa tangu utotoni, lakini mbingu yenye kina sikuwahi kuisikia. Nikaazimia kuusoma mshororo ule kama alivyouandika mwenyewe: Shen ise ghrma khar, kartulo tsao.

Herufi za Kigeorgia ni 33, na hazina kubwa na ndogo kama zetu. Nilizichora kwenye vipande vya boksi, tano kila siku, nikavibandika ukutani juu ya meza ya kulia. Baadhi ya sauti tunazo sisi watu wa pwani: ღ ni gh ya ghali, ხ ni kh ya kheri. Kilichonitesa ni konsonanti kuandamana bila irabu. Hilo ghrma, ndilo lenye maana ya kina, kila nikilitamka linatoka "gharama". Nilikuwa nabadilishana masomo na dada mmoja wa Tbilisi, mimi namfundisha Kiswahili, yeye anasikiliza sauti ninazomrekodia. Alinirudisha nyuma kwa neno hilo moja karibu wiki nzima. "Kaka, umeweka a tena."

Sarufi nayo niliiogopa bure. Sisi tunasema nakupenda, mimi na wewe tumo ndani ya neno moja. Wao husema miqvarkhar: m ya mwanzo ni mimi, khar ya mwisho ni wewe. Siku nilipoliona hilo nilifunga kamusi, nikatoka nje kutembea kwa furaha.

Ana alizaliwa mwaka 1924 katika kijiji cha Khidistavi, mkoa wa Guria, magharibi mwa nchi. Alisoma lugha za Kaukazi katika Chuo Kikuu cha Tbilisi, akamaliza 1946, na mwaka huohuo mashairi yake ya kwanza yakachapishwa na kupendwa. Baadaye akafanya kazi ya isimu. Alifariki 2008. Mashairi yake mengi ni mafupi, na naamini ule uzoefu wa kupima maneno kazini umo humo: ukiondoa neno moja, shairi linapwaya.

Baada ya miezi mitatu nilighani mshororo wangu bila kusita, nikamtumia dada yule. Alijibu kwa kuendelea na mshororo unaofuata, kwa kichwa.

Sasa niko kwenye shairi lake la Mtakatifu Nino, mwanamke aliyepeleka Ukristo Georgia katika karne ya 4. Wageorgia husimulia kuwa msalaba wake ulikuwa wa matawi ya mzabibu, ameyafunga kwa nywele zake. Ana alimwandika akiishi chini ya dola ya Kisovieti, iliyopiga vita dini. Modioda Nino mtebit, ndivyo linavyoanza. Mtebi ni milima, na ile t ya mwisho yaonyesha njia aliyopitia. "Milimani" pekee haitoshi, maana Nino hakukaa huko. Nimeandika "Nino alikuwa akija kwa njia ya milima", nikafuta. Jana nikaandika "Akija Nino, akiikata milima". Bado naigeuzageuza.